Chumvi na sukari: Mlango unaomwokoa mtoto anayeharisha

Mpenzi msomaji, juma hili naanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita, wakati wa mvua ya masika, mama mmoja kijana aliniletea mtoto wake wa miezi 11 katika chumba changu cha matibabu mjini Kitale. Mtoto alikuwa akiharisha tangu siku iliyotangulia, lakini macho yake yalikuwa maangavu na alikuwa akinyonya vizuri. Nilimpima, nikampa mama pakiti mbili za unga wa ORS pamoja na vidonge vya zinki, nikamwambia, "Mama, changanya kwenye chupa ya maji safi, umpe kidogo kidogo." Foleni ilikuwa ndefu. Mama alinishukuru, akaenda kupanda matatu ya kurudi kwao upande wa Bungoma.

Kesho yake jioni nilipigiwa simu na afisa wa kliniki wa huko. Mtoto alikuwa amelazwa. Alikuwa analia bila kunyamaza, ana kiu kali isiyoisha, na mwili unamshtukashtuka. Pakiti niliyompa mama ilikuwa ya kuchanganywa katika lita 1 ya maji. Chupa aliyokuwa nayo nyumbani ilikuwa ya soda, ile ndogo ya mililita 300. Mama alifanya kama nilivyomwagiza. Mimi ndimi sikumwuliza ni chupa gani.

Namshukuru Mungu, mtoto alipona baada ya siku kadhaa za kurudishiwa maji polepole. Alipomrudisha ili nimwone, nyanya yake aliyekuwa amemsindikiza aliniuliza: "Daktari, chumvi na sukari tunakula kila siku. Zinakuwaje dawa leo, na kesho zikawa sumu?"

Sikuwa na jibu fupi la kumpa nyanya siku ile. Jibu lenyewe limo katika mlango mdogo sana ulio ndani ya utumbo wa kila mmoja wetu. Mlango huo umeokoa watoto wengi kabla ya binadamu yeyote kuuona umbo lake, na umbo lenyewe halikuonekana hadi mwaka 2022. Leo nitakueleza mlango huo unavyofanya kazi, kwa nini ilichukua muda mrefu hivyo kuuona, na hayo yote yanahusiana vipi na chupa iliyo jikoni kwako.

UKUTA WA MAFUTA

Utumbo mwembamba umefunikwa kwa ndani na seli zilizopangwa kama matofali. Kila seli imezungukwa na utando wa mafuta. Utando huo ni mwembamba kiasi kwamba ungepanga tando 10,000, moja juu ya nyingine, ndipo upate unene unaokaribia ule wa unywele wako.

Kila aliyewahi kupika anajua kwamba mafuta na maji havichangamani. Chumvi na sukari hukaa ndani ya maji, kwa hiyo haziwezi kujipenyeza zenyewe katika ukuta wa mafuta. Lazima pawe na milango. Milango hiyo imetengenezwa kwa protini, nayo huitwa protini za usafirishaji. Kila moja ina abiria wake: hii hupitisha sukari, ile chumvi, nyingine huondoa asidi.

Mlango wetu wa leo wataalamu wanauita SGLT1. Mimi nitauita mlango wa sukari, ingawa kwa haki ungeitwa mlango wa chumvi na sukari. Umetengenezwa kwa asidi amino 664 zilizoungana kama shanga katika uzi mmoja. Uzi huo umejikunja na kuuvuka utando mara 14, huku ukiacha nafasi katikati.

Kazi yake ni kama ya dereva wa bodaboda mwenye masharti. Hatoki stegi mpaka apate abiria watatu: chembe mbili za sodiamu, ambayo ni sehemu ya chumvi ya kawaida, na chembe moja ya glukosi, ambayo ni sukari iliyo rahisi kutumika mwilini. Glukosi ikija peke yake, haendi. Wakitimia, mlango wa upande wa utumbo unafungwa, kisha ule wa upande wa seli unafunguliwa. Hapana wakati ambapo pande zote mbili ziko wazi, kama milango miwili ya kuingilia benki.

Na nani analipa nauli? Ni sodiamu. Seli hufanya kazi usiku na mchana kuitoa sodiamu nje, kwa hiyo ndani huwa kidogo na nje huwa nyingi. Sodiamu inapopata nafasi ya kurudi ndani huingia kwa nguvu, kama maji yateremkayo kutoka Mlima Elgon yanavyoweza kuzungusha kinu. Nguvu hiyo ndiyo huivuta sukari. Chumvi na sukari zikishaingia, maji huzifuata. Basi mtoto hunywa, na maji hayo hufika katika damu.

KIPINDUPINDU HAKIUGUSI MLANGO HUU

Sasa tazama jambo la ajabu. Mtu akipata kipindupindu, sumu ya vijidudu hivyo hulazimisha mlango mwingine wa seli za utumbo, unaoitwa CFTR, ubaki wazi. Chumvi humwagika kutoka mwilini kuingia utumboni, na maji huifuata. Mtu mzima aliyezidiwa anaweza kupoteza hata lita 1 kwa saa. Lakini mlango wa sukari hauguswi. Uko pale pale, tayari kufanya kazi, ukisubiri sodiamu na glukosi zije pamoja.

Maji matupu hayatoshi kwa mgonjwa huyu, kwa sababu hayana abiria wa kuuendesha mlango. Maji ya chumvi peke yake hayafai, na sukari peke yake haifai. Vyote viwili kwa pamoja, kwa kipimo, humrudishia mgonjwa maji hata kama bado anaharisha.

Mwanasayansi Robert Crane alilieleza wazo hili la chumvi na sukari kusafiri pamoja katika mkutano uliofanyika Prague mwaka 1960. Mwaka 1968 madaktari waliokuwa Dhaka, nchi inayoitwa Bangladesh leo, walionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu wanaweza kutibiwa kwa kunywa. Mwaka 1971 vita vilipowafukuza mamilioni ya watu kutoka nchi hiyo, Dkt. Dilip Mahalanabis alikuwa akiwatibu wakimbizi huko Bongaon, nchini India. Dripu zilipomwishia, aliagiza glukosi, chumvi na magadi ya kuokea vichanganywe kwa kipimo na kutiwa katika mapipa, nao jamaa za wagonjwa wakawanywesha wenyewe. Vifo vilivyokuwa kama asilimia 30 ya wagonjwa vilishuka chini ya asilimia 4. Mwaka huohuo wa 1971 wimbi la saba la kipindupindu duniani liliingia Kenya.

Jarida la madaktari la Uingereza, The Lancet, liliandika mwaka 1978 kwamba huenda ugunduzi huu ndio muhimu kuliko yote ya tiba katika karne ile. Na wakati huo hakuna aliyekuwa ameuona mlango wenyewe.

DUARA UBAONI

Nilipokuwa nasomea udaktari mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mwalimu wetu alichora duara ubaoni, akaweka mshale wa sodiamu na mshale wa glukosi, akasema, "Huu ndio SGLT1." Mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, kwa kweli una umbo gani?" Mwalimu akacheka, akasema hilo tuwaachie watakaokuja baada yetu.

Haikuwa kwamba watu hawakujaribu. Mwaka 1987 kikundi cha Ernest Wright huko California, Marekani, kiliupata ujumbe wa kinasaba unaoutengeneza mlango huu katika sungura. Waliutambua kwa msaada wa mayai ya chura wa Afrika mwenye kucha, ambaye jamaa zake wamo katika madimbwi yetu hapa Kenya: waliingiza ujumbe ndani ya yai, na yai likaanza kufyonza sukari. Mwaka 2008 ikapatikana picha ya kwanza ya ndugu wa mlango huu, lakini haikuwa ya binadamu. Ilitoka kwa kijidudu Vibrio parahaemolyticus, ambaye ni wa jamii moja na kijidudu cha kipindupindu. Yaani jamaa wa adui ndiye aliyetuonyesha kwanza jinsi mlango wetu unavyofanana.

Kwa nini basi ule wa binadamu ulichelewa? Zipo sababu tatu kubwa.

Kwanza, protini hii huishi ndani ya mafuta. Ukitaka kuichunguza ni lazima uitoe humo, na njia ya kuitoa ni kutumia sabuni, kama unavyotoa mafuta katika sufuria ya nyama. Lakini mafuta hayo ndiyo yaliyokuwa yameishikilia. Ikishatolewa hulegea, hujikunjua, hugandamana na wenzake na kuwa takataka. Umeona ute wa yai unavyokuwa mweupe ukiguswa na moto? Nao ni protini iliyoharibika umbo, na hakuna wa kuurudisha ulivyokuwa.

Pili, mlango huu hautulii. Kazi yake ni kufunguka na kufungwa. Kuupiga picha ni kama kumpiga picha mtoto anayeruka kamba: utapata ukungu tu.

Tatu, ni mdogo na umezama karibu wote katika utando, hauna kipembe kikubwa kinachochomoza ambacho mchunguzi angekitumia kama alama.

Kwa hiyo, kwa miaka mingi, kazi kubwa ya wataalamu hawa haikuwa kupiga picha. Ilikuwa kuifanya protini itulie na kuwa imara. Picha huja mwishoni.

MBINU ZA KUITULIZA

Nitakueleza nne, kwa maneno ya kawaida.

Ya kwanza ni kuchagua sabuni ya upole na kurudisha mafuta kiasi. Kuna sabuni kali ya kuondoa masizi, na kuna ya kuogea mtoto mchanga. Wataalamu hujaribu nyingi, na mara nyingi huongeza mafuta yanayofanana na yale ya mwilini ili protini isijione ugenini.

Ya pili ni kuuliza ukoo. Protini moja hupatikana kwa binadamu, sungura, panya, kuku na samaki, ikiwa na tofauti ndogo ndogo. Tuseme una nakala 10 za barua moja, na katika mstari fulani nakala 9 zina neno lile lile, moja ina neno tofauti. Utaamini zile 9. Vivyo hivyo, mahali ambapo protini ya binadamu ina asidi amino ya pekee, wataalamu huibadilisha na kuweka ile iliyo kwa walio wengi katika ukoo. Mara nyingi protini inayopatikana huvumilia joto zaidi na bado hufanya kazi yake. Mkulima wa Trans Nzoia analijua jambo hili: huchagua mbegu ya mahindi ambayo bua lake halianguki upepo ukivuma, mradi mahindi yabaki mahindi. Kwa njia hii kikundi cha Nicolas Reyes katika Taasisi ya Pasteur, Paris, kilionyesha mwaka 2017 umbo la protini ya binadamu inayosafirisha glutamati, kemikali ya mawasiliano katika ubongo.

Ya tatu ni kuweka kabari. Dawa inayouziba mlango huufanya ukwame katika hali moja. Wakati mwingine hubadilishwa asidi amino moja iliyo kama bawaba. Mwaka 2014 kikundi cha Nieng Yan huko Beijing, Uchina, kilipata umbo la mlango mwingine wa glukosi wa binadamu, ule ulio katika chembe nyekundu za damu, baada ya kuubadilisha kidogo hivyo.

Ya nne inatoka karibu na kwetu kuliko unavyodhani. Ukisimama Kitale na kushika barabara ya kaskazini kwenda Lodwar, utafika nchi ya ngamia. Mwaka 1993 wanasayansi wa Ubelgiji, wakiongozwa na Raymond Hamers, walitangaza kwamba katika damu ya ngamia mna kingamwili za aina ya pekee, rahisi kuliko zetu. Kipande cha mwisho cha kingamwili hiyo ni kidogo sana, lakini hunasa kwa nguvu. Jamaa za ngamia wa Amerika Kusini, wanaoitwa llama, nao wanazo. Leo kipande hicho hutumika kuishika protini isichezecheze. Pia humpa mchunguzi ile alama iliyokosekana, kama kofia nyekundu juu ya mtu aliye katikati ya msongamano.

Protini ikishatulizwa hugandishwa ghafla katika kimiminika chenye baridi ya karibu nyuzi 180 chini ya sifuri. Ukiiweka nyanya katika friji ya kugandisha, ukiitoa huwa imelegea na kutoa maji, kwa sababu barafu iliyojijenga polepole imezipasua seli zake. Lakini maji yakiganda kwa kufumba na kufumbua hayapati nafasi ya kuwa barafu. Huwa kama kioo. Ndani ya kioo hicho protini hupigwa picha kwa hadubini ya elektroni, mara maelfu kwa maelfu, kisha kompyuta huzijumlisha picha hizo kuwa moja. Jacques Dubochet, Joachim Frank na Richard Henderson walipewa Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 2017 kwa kuiendeleza njia hii.

MLANGO WAONEKANA

Mwaka 2022 majarida ya sayansi yalichapisha umbo la SGLT1 ya binadamu. Kazi moja ilitoka kwa vikundi vya Liang Feng na Georgios Skiniotis katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Nyingine ilitoka kwa kikundi cha Lei Chen katika Chuo Kikuu cha Peking, Uchina, ambacho kiliupiga picha mlango ukiwa umezibwa na dawa.

Duara la mwalimu wangu sasa lina umbo. Tunaona mfuko ambamo sukari hukaa, na jinsi unavyoichagua sukari ya aina yake. Tunaelewa vizuri zaidi jinsi maji yenyewe yanavyoweza kupita ndani ya mlango huu. Mwaka huohuo, mwezi Oktoba, Dkt. Mahalanabis wa Bongaon aliaga dunia.

Utaniuliza, daktari, picha hii imebadilisha nini? Nikujibu kwa uaminifu: haikubadilisha pakiti ya ORS hata chembe. Pakiti ilikuwa sahihi tangu hapo. Lakini kuna watu wawili ambao picha hizi zinawahusu sana.

Wa kwanza ni mgonjwa wa kisukari. Mlango wetu una ndugu anayeitwa SGLT2, aliye katika figo. Kazi yake ni kuiokota sukari iliyochujwa na figo na kuirudisha katika damu. Mwaka 1835 wanakemia wa Ulaya walitoa katika magome ya mtofaa kitu kinachoitwa florizini, ambacho baadaye kiligunduliwa kwamba huiziba milango hii miwili. Kutokana nacho zikatengenezwa dawa kama dapagliflozin na empagliflozin, zinazoufunga mlango wa figo ili sukari ya ziada itoke kwa mkojo. Baadhi ya wasomaji wangu wanazimeza hivi leo, zikisaidia pia moyo na figo. Kikundi cha Beijing kilionyesha jinsi dawa hiyo inavyokaa katika SGLT2, na hilo huwasaidia wanaotafuta dawa zitakazoziba mlango mmoja bila kuugusa mwingine.

Wa pili ni mtoto mmoja adimu sana, anayezaliwa na mlango wa sukari wenye hitilafu. Mara nyingi herufi moja tu ya ujumbe wa kinasaba imekosewa, na kwa wengi wao protini hukunjika vibaya isifike mahali pake. Mtoto huyo huharisha maji matupu tangu siku za kwanza, hata kwa maziwa ya mama, kwa sababu sukari ya maziwa huvunjwa kuwa glukosi na galaktosi, na zote mbili hupita mlango huo huo. Huponea maziwa maalum yenye sukari ya matunda, ambayo hupitia mlango mwingine. Kwake ORS ya kawaida haisaidii. Mtoto wa aina hii anatuonyesha jinsi wengine wote tunavyoutegemea mlango huu bila kujua.

JIBU LA NYANYA

Sasa naweza kumjibu nyanya. Pakiti ya lita 1 ya fomula ambayo Shirika la Afya Duniani lilianza kuipendekeza mwaka 2002 ina gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, pamoja na madini mengine mawili, yaani kloridi ya potasiamu gramu 1.5 na sitrati gramu 2.9. Katika lita hiyo vipimo vya sodiamu ni 75, na vya glukosi ni 75. Sodiamu katika damu ya mtoto ni kama 140. Kwa hiyo kinywaji hiki ni chepesi kuliko damu kwa chumvi, na mlango hufanya kazi yake bila kuulemea mwili.

Mimina pakiti hiyo hiyo katika chupa ya mililita 300. Sodiamu sasa ni 250. Mtoto anakunywa maji yenye chumvi karibu maradufu ya damu yake. Maji badala ya kuingia mwilini huvutwa kutoka mwilini, chumvi hupanda katika damu, na ubongo huumia. Ndivyo dawa ilivyogeuka sumu. Unga ulikuwa ule ule. Kilichopungua ni maji tu.

Na ukiitia katika maji mengi kupita kiasi, abiria huwa wachache na mtoto hapati chumvi aliyoipoteza.

YA KUFANYA NYUMBANI

Mpenzi msomaji, kata sehemu hii uibandike jikoni ukipenda.

1. Soma pakiti kwanza. Zipo za lita 1, zipo za nusu lita, na zipo ndogo zaidi. Usidhani, soma. Kama husomi vizuri, mwombe muuguzi au mwenye duka la dawa akuonyeshe.

2. Tafuta chombo cha kipimo. Chupa ya maji ya mililita 500 ni nusu lita, na chupa mbili kama hiyo ni lita 1. Pakiti ya maziwa ya nusu lita nayo ni kipimo kizuri. Chupa ndogo ya soda si kipimo.

3. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, au yaliyotiwa dawa. Wakati wa mvua chemchemi na visima vyetu huingiwa na uchafu, hata kama maji yanaonekana maangavu. Ukishachanganya, usichemshe tena.

4. Mimina unga wote mara moja. Usiugawe pakiti nusu nusu, wala usiongeze sukari, chumvi au maziwa.

5. Mpe kwa kijiko au kikombe, si kwa haraka. Mtoto wa chini ya miaka 2 apate mililita 50 hadi 100 kila akiharisha. Wa miaka 2 hadi 10 apate 100 hadi 200. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea polepole zaidi.

6. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwage, uchanganye kipya.

7. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Mpe zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au miligramu 10 akiwa chini ya miezi 6, hata kama kuharisha kumekoma.

Mkimbize hospitalini mara moja ukiona macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, mtoto amelegea au hawezi kunywa, anatapika kila kitu, ana damu katika choo, au anapata degedege. Hapo usingoje matatu ijae.

MASWALI NINAYOULIZWA MARA KWA MARA

Bungoma tuna miwa na sukari. Kwa nini nisichanganye yangu mwenyewe kwa kijiko? Sukari ya mezani huvunjwa utumboni na hutoa glukosi, kwa hiyo kanuni ni ile ile. Shida ni kijiko. Kijiko cha nyumba yako si cha jirani, na mkono mmoja hujaza kilima, mwingine husawazisha. Chumvi ikizidi kidogo tu, umefanya nilichofanya mimi kwa ile chupa. Pakiti ni bora, nayo haina bei kubwa.

Je, soda isiyo na povu? La. Ina sukari nyingi mno na karibu haina chumvi. Sukari hiyo huvuta maji kuingia utumboni, na mtoto huzidi kuharisha.

Na uji? Uji mwepesi usiotiwa sukari nyingi ni chakula kizuri, nao husaidia. Lakini hauchukui nafasi ya ORS.

Mbona daktari hakumpa mtoto wangu dripu? Kwa sababu mlango wa sukari bado uko wazi. Mtoto anayeweza kunywa, mara nyingi hahitaji sindano.

Mtoto wa ile chupa sasa anasoma shule ya msingi. Mama yake hupita kunisalimu akija Kitale. Mara ya mwisho alinikuta nikimwelekeza mama mwingine, nikiwa nimeshika chupa ya nusu lita mkononi. Akasimama mlangoni akisikiliza, kisha akanisahihisha mbele ya watu: "Daktari, mwulize kwanza ana chupa gani nyumbani." Nikamwuliza. Ilikuwa ya soda. Tukampa ile ya nusu lita aende nayo.

Hadi juma lijalo, nakutakia afya njema.